Muhuri wa Dakta Sadiki na Jino la Mlezi

Palikuwa na nchi, na akitokea wa kuuliza ilikuwa wapi, aambiwe ilikuwa palepale ilipoandikwa kwamba ipo. Jina lake Jamhuri ya Shwari. Milima yake ilikuwa mirefu kwa mujibu wa hati, mito yake ilijaa kwa mujibu wa taarifa, na raia wake walikuwa na furaha kwa agizo la mwaka wa pili wa uhuru, agizo ambalo hakuna aliyekumbuka kulifuta.

Mtu mzito kuliko wote katika nchi hiyo, ukimwondoa Mlezi wa Taifa, alikuwa Dakta Sadiki Kombozi, Mkurugenzi Mkuu wa Mihuri. Alikuwa mfupi, nadhifu, mwenye meno mazuri ajabu. Alipenda kuyaonyesha. Kwenye vikao virefu aliguguna muwa huku wenzake wakinywa chai, na wapiga picha wa Serikali walikuwa na maagizo ya kumngoja atabasamu. Meno hayo tuyaweke pembeni kwanza, yatahitajika.

Zamani, kabla ya Dakta Sadiki, mthibitishaji wa umma katika Shwari alikuwa kama alivyo katika nchi nyingine zisizo na bahati. Alikuwa wakili aliyepewa ruhusa ya kukaa mezani, kumtazama mtu, kukagua kitambulisho chake, kumwona akitia saini kwa mkono wake, kisha kugonga muhuri wa kusema: huyu ndiye, na saini hii ni yake. Basi. Hakuulizwa kama yaliyoandikwa ni ya kweli. Mwongo aliyekuja mwenyewe, akaapa na kutia saini uongo wake, aligongewa muhuri kama mtu mwingine yeyote. Uongo ulibaki uongo, ila sasa ulikuwa na mwenyewe, na siku ya kesi palijulikana pa kumkamata.

Orodha ya nyaraka alizoruhusiwa kuthibitisha ilikuwa ya ukurasa mmoja: hati za viapo, hati za uwakala, mikataba ya mauziano, fomu za idhini, nakala za vyeti vya shule baada ya kulinganishwa na vyeti vyenyewe. Chini yake palikuwa na makatazo. Asigonge muhuri kwenye karatasi tupu. Asigonge kwenye hati yake mwenyewe, wala ya mkewe. Asigonge kwa mtu ambaye hakufika mbele yake.

Dakta Sadiki aliisoma orodha hiyo siku ya kwanza kazini akaona ni tusi kwa taifa.

"Ndugu wajumbe," aliliambia Bunge, "muhuri ni chuma cha Serikali. Nauliza, na naomba nijibiwe na mwenye akili timamu: je, chuma cha Serikali kinaweza kugongwa juu ya uongo?"

"Hakiwezi!" walijibu wajumbe, ambao wote walikuwa na vyeti vya akili timamu.

"Basi kilichogongwa ni kweli."

Walipiga makofi mpaka mmoja akazimia. Makofi yale yaliandikiwa hati, ikagongwa muhuri, na tangu siku hiyo yakahesabiwa kuwa yanaendelea.

Hivyo ndivyo ilivyopita Sheria ya Ukweli wa Muhuri. Ilikuwa na vifungu viwili tu, kwa maana Dakta Sadiki hakupenda maneno mengi kwenye sheria. Aliyahifadhi kwa ajili ya hotuba. Kifungu cha kwanza kilisema kila kilichogongwa muhuri ni kweli. Cha pili kilisema atakayekikanusha, bila kujali cheo chake, ametenda kosa la kukanusha muhuri, na atavuliwa cheo hicho papo hapo. Maneno "bila kujali cheo chake" aliyatia kwa urembo. Aliyaona kwenye sheria za ng'ambo akayapenda, kama mtu anavyopenda kitambaa cha dirisha la jirani.

*

Mambo yalikwenda vizuri. Orodha ilinenepa. Walimu walipeleka matokeo ya watoto waliofeli, yakagongwa, wakafaulu. Timu ya taifa ilipofungwa mabao manne, hati ya sare ilikuwa imekwisha kauka wino kabla ya wachezaji kuvua viatu. Mume mmoja alithibitisha kwamba mkewe anampenda, akaenda nyumbani akamsomea. Suala la mtu kufika mwenyewe lilifutwa kwa sababu lilikuwa usumbufu, hasa kwa nyaraka ambazo wenyewe wasingekubali kuja.

Kazi aliyojivunia zaidi ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Mlezi. Sikukuu hiyo hapo awali iliangukia Machi, katika Mkoa wa Kaskazini, lakini mwaka mmoja gwaride lililowa. Dakta Sadiki aligonga cheti kingine: Mlezi alizaliwa Julai, Mkoa wa Mashariki, ambako Julai kuna jua. Kaskazini wakanuna, basi cha kwanza hakikufutwa. Kisha wazee wa Magharibi nao wakaja na mbuzi na malalamiko. Wakapewa Oktoba. Hivyo Mlezi akawa na siku tatu za kuzaliwa katika mikoa mitatu, zote za kweli, na taifa likapata mapumziko ya ziada.

Yupo mmoja tu aliyekataa. Wakili Asumpta Ngoi, aliyesoma sheria darasa moja na Sadiki na kumpita kila mtihani, aliletewa kile cheti cha Julai akakirudisha na maelezo mafupi: vyeti vya kuzaliwa hutolewa na ofisi ya vizazi, si na mthibitishaji; tena mzaliwa hakufika. Dakta Sadiki alimfuta kwenye daftari la wathibitishaji siku hiyohiyo. Alifanya hivyo bila chuki. Alimwonea huruma, kama unavyomwonea huruma mtu anayeendelea kutwanga wakati jirani ana mashine.

Kiangazi kile, mama mmoja muuza maharage, Bi. Nyabise, alifika kwenye Jumba la Mihuri kuomba chakula cha msaada. Mvua haikunyesha kwao, alisema. Dakta Sadiki, ambaye siku hiyo alikuwa mkarimu, alitoka ofisini mwenyewe kumwelimisha. Alimwonyesha hati ya Wizara, yenye muhuri mwekundu: mvua ilinyesha wilaya zote, ya kutosha, na kwa nidhamu.

Bi. Nyabise aliitazama ile karatasi. Akaigeuza nyuma. Akaigusa kwa kidole.

"Mbona kavu?" akauliza.

Watu kwenye foleni walitazama viatu vyao.

"Mama, unakanusha muhuri?"

"Mimi? Nikanushe nini, baba? Naomba unipe, nikaipande. Huenda ikaota kuliko yangu."

Dakta Sadiki alicheka, meno yote nje, akaagiza apewe nakala. Baadaye mchana alijiuliza kama alikuwa ametukanwa. Kwa kuwa hapakuwa na hati ya tusi, aliona halikuwepo.

*

Sasa tufike kwenye jino.

Mlezi wa Taifa aliamka asubuhi moja shavu limemvimba kama aliyeficha embe. Gego la chini, upande wa kushoto, lilikuwa limeoza kwa muda mrefu, na sasa lilikuwa limetunga usaha. Aliwaita mawaziri akawatazama. Mawaziri nao walivimbisha mashavu yao kwa heshima, ila haikumsaidia.

Mtu angedhani angepelekwa Hospitali Kuu ya Rufaa, mwendo mfupi kutoka Ikulu. Hospitali hiyo ilikuwa na idara ya meno ya kisasa kuliko zote barani, jambo lililothibitishwa. Mlezi mwenyewe aliifungua, akakata utepe, akahutubia. Kwa sababu hiyohiyo aliijua vizuri, akaagiza ndege ya kwenda ng'ambo iwekwe tayari.

Ng'ambo wakajibu kwamba wako radhi kumtibu, ila wanahitaji fomu ya idhini ya upasuaji, iliyotiwa saini na mgonjwa mbele ya mthibitishaji wa umma. Dakta Sadiki aliigonga mihuri saba akaituma kabla chai haijapoa. Ikarudi.

"Tunasikitika," waliandika ng'ambo, "hatupokei tena mihuri ya Jumba lenu. Waziri wenu wa Uvuvi alikuja kwetu kupasuliwa ngiri na hati inayosema amekwisha pasuliwa, amepona, na anatushukuru. Madaktari wetu walibishana mpaka mgonjwa akaenda kula. Katika daftari letu limebaki jina moja la Shwari tunaloliamini: Wakili A. Ngoi."

Mlezi aliisoma barua hiyo akiwa amelishika shavu. Chumbani walikuwemo Dakta Sadiki na Makamu wa Mlezi, mzee mpole ambaye kwa miaka mingi alisimama nyuma ya kiti bila kusema lolote, akingoja.

"Tadiki," alisema Mlezi, maana ulimi haukuwa na nafasi. "Huyo Ngoi ni nani?"

"Mtu wa kawaida, Mheshimiwa. Nilimfuta."

"Mfutue." Akafumba macho maumivu yapite. "Ndege inaondoka kesho asubuhi. Nikiikosa kwa ajili ya karatasi, Tadiki, tutaanza na wewe."

Dakta Sadiki hakuwa amezoea kuitwa bila cheo, wala kuwa wa kwanza kwenye orodha ya namna hiyo.

*

Ofisi ya Asumpta ilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga, na kila kitu ndani, pamoja na mwenyewe, kilikuwa na unga kidogo. Hakusimama mgeni alipoingia.

"Dada Asumpta," alisema Dakta Sadiki kwa sauti ya kuwafungulia watu maonyesho. "Nimekuletea habari njema. Umerejeshwa."

"Nilikuwa nimeenda wapi?"

"Kwenye daftari. Hii hapa hati." Akaweka na ile fomu juu yake. "Na hii gonga haraka, tafadhali. Ni ya Mlezi. Keshatia saini."

Asumpta alisoma fomu yote, mbele na nyuma, kwa mwendo uliomfanya mgeni ahisi jasho.

"Siwezi."

"Ipo kwenye orodha, Asumpta! Hata orodha yako ya zamani. Fomu ya idhini, nimehakikisha."

"Ipo. Hati inafaa, mtu hayupo. Aje mwenyewe, atie saini nikiona."

"Unajua unayemzungumzia?"

"Najua anayetakiwa kuja. Na hii sehemu ya chini ni kiapo. Ataapa jina lake, tarehe aliyozaliwa, na kwamba amekubali kupasuliwa."

"Lakini saini ni yake! Mimi nakuthibitishia."

"Sadiki," alisema Asumpta, akapuliza unga juu ya karatasi, "wewe unathibitisha sana. Ng'ambo wamekuchoka."

Alijaribu kubembeleza. Alijaribu kutisha. Alimkumbusha walivyokula pamoja ugali wa chuo. Asumpta alikumbuka ugali. Alikumbuka pia nani aliyekuwa akinakili majibu yake. Mwishoni Dakta Sadiki aliuliza, kwa udadisi halisi wa mtu asiyeelewa, anapata faida gani kwa ukaidi huo.

"Fomu yako imerudi kwangu," alisema Asumpta, "haikwenda kwa mwingine. Mlete kabla sijafunga."

*

Msafara ulifika alasiri. Magari yalijaa mtaa, mashine ya kusaga ilizimwa kwa amri, na kwa mara ya kwanza wakazi walisikia jinsi walivyokuwa wakipiga kelele. Mlezi aliingia kwa miguu yake, kilemba cheupe kimefungwa kutoka kidevuni hadi utosini, Makamu nyuma yake, Dakta Sadiki kando. Kiti kilikuwa kimoja, cha Asumpta. Mlezi akakaa kwenye benchi la wateja, na magunia mawili ya pumba yakawa ndiyo walinzi wake wa karibu.

"Shikamoo, mzee," alisema Asumpta. "Kitambulisho?"

Mlezi, aliyekuwa hajaulizwa kitu hicho tangu ujana, alipapasa mifuko, akatoa noti, akaonyesha picha yake.

"Noti si kitambulisho," alisema Asumpta. "Tena huyu ana nywele. Lakini nakufahamu kwa sura, hilo sheria inaniruhusu, nitaliandika hivyo. Utatibiwa jino?"

Mlezi alitikisa kichwa kukubali. Machozi yalikuwa yakimtoka jicho la kushoto, polepole, bila idhini yake.

"Pole sana. Tutafanya haraka. Tarehe ya kuzaliwa?"

Mlezi akamgeukia Dakta Sadiki.

"Nilizaliwa lini?"

"Wakati wowote utakaopenda, Mheshimiwa."

"Fomu ina nafasi ya tarehe moja," alisema Asumpta.

Dakta Sadiki alikuwa mwepesi, hilo tumpe. Alitoa kalamu na karatasi yenye nembo. "Naandika hati sasa hivi, kwamba Machi, Julai na Oktoba ni siku moja."

"Ng'ambo wana kalenda, Sadiki." Asumpta alimgeukia mgonjwa. "Mzee, mimi sikuulizi ili nikukamate. Ukitaja Machi nitaandika Machi. Ukitaja nyingine nitaandika hiyo. Ukweli wa tarehe ni wako na kiapo chako. Mimi nashuhudia tu kwamba wewe ndiye uliyesema. Taja moja, weka saini, panda ndege."

Mlezi alifumba macho. Alipoyafumbua alionekana mzee kuliko kwenye cheti chochote.

"Mama alisema ilikuwa mwaka wa nzige," alisema taratibu, akiyapitisha maneno kando ya uvimbe. "Walifunika jua, kuku wakaenda kulala mchana. Februari. Mwanzoni mwa Februari. Nyumbani kwa bibi, si huko mikoani kwenu. Sijamwambia mtu hilo tangu nimeingia Ikulu."

"Hilo naliandika," alisema Asumpta, akachukua kalamu. "Unaapa?"

Mlezi aliinua mkono wake wa kulia.

Hapo Dakta Sadiki angeweza kunyamaza. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi, hata mbuzi wa Magharibi wangeliweza. Lakini alikuwa mtu wa sheria yake. Miaka yote hiyo, aliposikia neno lolote lisilolingana na hati, ulimi wake uliruka wenyewe kama mguu uliogongwa gotini. Akasema, kwa sauti safi, kila mtu akasikia:

"Mheshimiwa, hiyo itakuwa inakanusha vyeti vitatu vyenye muhuri. Kifungu cha pili. Bila kujali cheo."

Mkono ulibaki hewani. Nyuma ya benchi, Makamu, aliyekuwa hajasema lolote kwa miaka mingi, alisogea hatua moja mbele, akakohoa.

"Na anayekanusha," aliuliza kwa upole, "huvuliwa lini?"

"Papo hapo," alisema Dakta Sadiki, kabla hajajizuia.

"Na akitaja mojawapo ya zile tatu?"

"Atakuwa amekanusha mbili tu."

Mlezi alimtazama Makamu. Makamu alitazama kile kiti kimoja cha ofisini, kana kwamba anapima upana. Mkono ukashuka. Sheria isingeweza kubadilishwa jioni hiyo wala jioni nyingine, maana nayo ilikuwa imegongwa muhuri, na kuibadilisha ni kuikanusha. Dakta Sadiki alitaka kulieleza hilo pia, lakini hakuna aliyekuwa akimtazama kwa jicho la kuomba maelezo.

"Twendeni hospitali," alisema Mlezi. "Yetu."

Asumpta aliifunga kalamu. Fomu aliirudisha kama ilivyokuja, bila muhuri wake, akamwomba mlinzi wa mwisho kutoka awaambie wenye mashine wanaweza kuwasha.

*

Daktari Chikoti, mkuu wa idara ya meno, aliwapokea mlangoni akitetemeka kwa heshima. Chumba kilikuwa kikubwa, cheupe, na kitupu. Katikati palikuwa na kiti cha mbao, cha aina ya vinyozi. Ukutani, ndani ya fremu za kioo, zilining'inia hati.

"Mashine ya eksirei?" aliuliza Mlezi.

"Ile pale, Mheshimiwa, fremu ya pili. Kiti cha umeme ni ya tatu. Hii ndogo ni taa."

"Sindano ya ganzi?"

Daktari Chikoti aliitazama fremu ya nne, kisha akamtazama Dakta Sadiki, ambaye saini yake ilionekana vizuri chini ya kila fremu.

"Zipo za kutosha miaka kumi, Mheshimiwa. Zimethibitishwa." Akashusha sauti. "Koleo ninalo kweli. Nilikuja nalo kutoka nyumbani."

Kabla ya kuanza, ilibidi taratibu zifuatwe. Kwa desturi ya hospitali hiyo, hati ya matokeo iligongwa kwanza ili mgonjwa asipate wasiwasi. Dakta Sadiki mwenyewe aliiandika akiwa amepiga goti kando ya kiti: mgonjwa ametibiwa, jino limetoka kwa amani, maumivu hayakuwepo. Akagonga. Mlio wa muhuri ulisikika, tap, na mara baada yake ukasikika mlio mwingine.

Wale waliokuwa sokoni siku hiyo wanasema ulitoka Hospitali Kuu ukavuka uwanja wa gwaride. Wauzaji waliacha kupima. Bi. Nyabise alisimama na kibaba cha maharage mkononi.

"Nani huyo anachinjwa?" aliuliza mteja wake.

"Hakuna mtu," alisema Bi. Nyabise. "Maumivu hayapo. Ongeza kibaba cha pili?"

Jino lilitoka vipande vitatu, kipande kimoja kwa kila mkoa.

*

Asubuhi iliyofuata Dakta Sadiki aliitwa Ikulu. Mlezi hakuweza kusema. Uso wake ulikuwa umefungwa kama mzigo wa safari. Aliandika. Alisukuma karatasi juu ya meza, na Dakta Sadiki akaisoma akiwa amesimama.

Ilisema: "Meno yote ya Dakta Sadiki Kombozi yameoza."

Dakta Sadiki alitabasamu kwa mazoea, jambo ambalo saa hiyo halikufaa.

"Mheshimiwa, lakini..." alianza. Akasimama hapo. Nyuma ya kiti cha Mlezi, Makamu alikuwa ameinua uso, anasikiliza kwa makini ya mwanafunzi. Neno linalofuata "lakini" lingekuwa ni kukanusha.

Mlezi aligonga meza kwa kidole: hapa, chini.

Na Dakta Sadiki aligonga. Watu wamesimulia kwamba mkono ulitetemeka, si kweli. Muhuri ulikaa sawasawa, katikati ya mstari, wino haukumwagika, na kwa kitambo kifupi mwenyewe aliutazama kwa kuridhika kabla hajakumbuka maana yake.

Kule hospitali, Daktari Chikoti aliisoma hati hiyo mara mbili. Akamfungua mgonjwa mdomo, akachungulia huku na huku, akagongagonga kwa ncha ya koleo.

"Mazima," alisema kwa masikitiko. "Sijaona meno mazima kama haya tangu niajiriwe."

"Unaona!" alisema Dakta Sadiki, mdomo wazi. "Sema hivyo. Waambie. Wewe ni daktari!"

"Nina watoto, Mkurugenzi." Daktari Chikoti aliinyanyua ile hati ili mwanga wa dirisha uangukie muhuri. "Na huu ni wa kwako, si wa kughushi?"

Dakta Sadiki aliutambua muhuri wake. Angesema ni wa kughushi angeukanusha.

"Basi egemea nyuma," alisema Daktari.

*

Mvua za mwaka ule zilinyesha kweli, kwa bahati mbaya bila hati, na hakuna aliyezitaja. Jumba la Mihuri lilipata mkurugenzi mwingine. Asumpta Ngoi aliendelea kukaa nyuma ya mashine ya kusaga, na asubuhi moja akaingia mtu mfupi, nadhifu, mashavu yamebonyea. Akakaa kwenye benchi. Akatoa kitambulisho kabla hajaulizwa. Kisha akatoa karatasi, maana maneno yake yalitoka kama maji ya kusukutua.

Ilikuwa hati ya kiapo, imeandikwa kwa mkono mzuri wa kisheria. Aliapa kwamba yeye, Sadiki Kombozi, alikuwa na meno thelathini na mawili, yote mazima, na kwamba yaling'olewa yakiwa hayana ubovu wowote. Alitaka kuipeleka ng'ambo. Alikuwa amesikia kule kuna mahakama.

"Ithibitithe," alisema. "Thema ni kweli."

Asumpta alisoma mbele na nyuma.

"Hati inafaa," alisema. "Mtu amefika. Lakini unajua, Sadiki, kwamba kuhusu meno siwezi kusema lolote. Sikuyaona yakitoka. Naweza kuandika kwamba umekuja leo, nimekuona, umeapa, umetia saini mbele yangu. Hayo tu."

Aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa Mihuri alikitazama kile chuma kidogo kilichokuwa juu ya meza, kimezungukwa na unga.

"Hayo tu?" aliuliza.

"Hayo tu. Inua mkono wa kulia."

Akauinua.